Taa za Kumsindikiza

Gari la kaka yangu lilikuwa na taa zinazolala. Mchana huzioni, zimejifunika ndani ya boneti na gari limebaki na uso mtupu. Ukivuta swichi, mota ndogo zinalia pale mbele, vifuniko vinainuka, na taa mbili zinasimama wima. Nyumbani kwetu Uthiru hatukusema kuwasha na kuzima taa za gari lile. Tulisema zimeamka au zimelala, na mwanzilishi wa msemo huo alikuwa mama.

Kaka alilinunua Muthangari, kwa mfanyabiashara mmoja Mhindi ambaye mwanawe alikwenda ng'ambo kusoma akasahau kurudi. Lilikuwa limekaa miaka chini ya turubai, tairi zimekufa, panya wamezaliana kwenye kiti cha dereva. Lilikuwa gari la michezo la siku nyingi, jekundu lililopauka, milango miwili, viti viwili, na lilikaa chini sana hata ukishuka unajisikia unatoka shimoni. Baba alilizunguka siku ya kwanza, mikono nyuma, akasema hilo ni gari la mtu asiyetaka kuoa. Kaka akacheka, akasema mke atakaa mbele, na mama mkwe atakuja kwa miguu.

Ugonjwa wa gari lile ulikuwa umeme. Injini ilikuwa nzima, breki nzuri, lakini waya zake zilikuwa za kizee, ngozi imekauka, ukizigusa tu zinavunjika. Leo taa ya kulia imeamka na ya kushoto imelala. Kesho zimeamka zote lakini haziwaki. Jumapili moja zilianza kupanda na kushuka zenyewe mbele ya lango la kanisa, waumini wakacheka hadi mhubiri akatoka nje kuona kuna nini. Kila Jumamosi kaka alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, miguu iko nje ya mlango, na mama amesimama mbele ya boneti kumwambia anachokiona.

"Zimeamka?"

"Moja imeamka. Nyingine inakonyeza."

"Na sasa?"

"Sasa zimelala zote. Umeziudhi."

Mama hakuwa na habari na magari, lakini alikuwa na mkono. Nyuma ya tangi la maji ya kuoshea kioo, upande wa kushoto, palikuwa na plagi iliyounganisha waya zote za taa, za mota na za balbu pamoja. Barabara zetu zikiitikisa ilikuwa inalegea. Kuifikia ilibidi ufungue bampa, kisha ufungue tangi lenyewe, kazi ya nusu siku, na kaka alikuwa na viganja vya baba, vipana, havikupita hata vidole. Siku moja mama alichoka kumsikia akitukana waya. Akaweka chini sweta aliyokuwa anafuma, akapitisha mkono wake mwembamba pembeni mwa tangi, akasukuma. Plagi ikaingia na taa zikaamka. Tangu hapo mkono wa mama ukawa kifaa cha kazi. Hata mimi niliyekuja kusalimia tu nilikuwa naagizwa: "Nipe bisibisi, nipe spana ndogo, halafu niitie mkono wa mama."

Kaka alikuwa karani wa bima mjini, na bima, sijui kwa nini, haikumfundisha kuogopa. Ijumaa akitoka kazini alikuwa anapitia Westlands na wenzake, wanakunywa, kisha wanarudi nyumbani kwa Waiyaki Way wakishindana nani atangulie. Mama alikuwa anakaa sebuleni na sindano zake, akifuma sweta za shule, za kijani, alizowauzia wazazi wa mtaani. Alikuwa anasubiri asikie lango, kisha asikie zile mota zikilaza taa. Mlio ule ndio uliomruhusu kwenda kitandani.

Kisha siku moja gari lilirudi likiwa limechunwa ubavu mzima na nguzo ya lango letu wenyewe, na kaka ananuka pombe. Baba alipiga kelele hadi jirani akawasha taa. Mama alisema neno moja tu: "Gari hii itakuua." Kaka akamkumbatia, akamwambia aache kumtabiria mabaya mtoto wake wa pekee wa kiume.

Haukupita muda, taa zikagoma kabisa. Alinipigia simu. Wakati huo nilikuwa nimepanga karibu na Adams Arcade, nafundisha Kiswahili shule ya upili, na mbele yangu palikuwa na rundo la insha zilizoniharibia jioni.

"Sasa, sista."

"Poa. Sema haraka, niko na kazi ya watoto wa watu."

"Taa zimekataa kuamka. Nimebadilisha fyuzi, nimekwaruza earth, nimegonga relay, wapi!"

"Na ile plagi ya mama?"

"Hiyo iko sawa. Mama ameweka mkono, amesema imekaa poa."

"Basi nunua gari ya watu wazima."

Alicheka sana. Alicheka namna yake, ya kuishiwa pumzi, na ndicho kicheko chake cha mwisho nilichonacho.

Alilitafuta kosa lile jioni baada ya jioni, na mama akasimama mbele ya boneti pahali pake pa kawaida, akimjibu bado zimelala, bado zimelala. Mwishowe akaliacha gari uani. Alisema litakwenda kwa fundi mwisho wa mwezi. Nairobi jua likishazama huwezi kuendesha gari lisiloona, na yeye kazini alikuwa anatoka jua linazama. Akaanza kwenda na kurudi kwa magari ya abiria.

Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya pili ya barabara kuu, kwa hiyo mtu akishushwa akitoka mjini ni lazima avuke. Sote tulivuka tukikimbia, siku za mvua tumeshika viatu mkononi. Jioni ile giza lilikuwa linaanza kuingia. Kaka yangu alivuka nusu ya kwanza akafika katikati. Alivuka nusu ya pili hakufika. Gari lililomgonga halikusimama. Muuza mahindi ya kuchoma alisema lilikuwa na taa, kinyozi wa pale alisema halikuwa na taa hata moja, wakabishana mpaka polisi akachoka kuandika.

Msiba ukaja na chai yake. Kila jioni nyumba ilijaa, maombi, chai, mikutano, na maneno ambayo watu huyatoa sandukuni wakati wa kifo, yananuka dawa ya nondo. Ajali haina kinga. Ni mpango wa Mungu. Mzee mmoja wa kanisa, kwa nia njema kabisa, alisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nilimuuliza mbele ya watu wote hapa nyani ni nani. Nikavutwa jikoni nikapewa mikate ya kukata. Nilikuwa na hasira na kila kiumbe mwenye mdomo. Kaka yangu amelala kwenye droo ya baridi mjini na watu wanamlaumu Mungu, wanalaumu miti, hakuna anayemlaumu mtu.

Kila mara mtu aliposema mpango wa Mungu, mama aliinuka taratibu na kutoka nje. Tulisema ni uchungu.

Tulikuwa tumzike Kinangop, kwenye shamba la baba. Msafara wa mazishi kwetu huenda na taa zimewaka mchana kweupe, vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye vioo vya pembeni, ili walio barabarani wajue kuna maiti na wapishe. Baba, ambaye alikuwa amekubali kila kitu walichopanga wengine, rangi ya jeneza, mhubiri, hata sufuria za kuazima, alikataa jambo moja tu. Gari la mtoto wake halitabaki uani. Litakuwa la kwanza nyuma ya jeneza, na taa zake ziwe zinawaka. Mimi ningeliendesha, kwa sababu kaka alikuwa amenifundisha.

"Hiyo gari ibaki," mama alisema. Tuligeuka wote, maana hatukuwa tumesikia sauti yake tangu asubuhi.

"Itaenda," baba alisema.

"Haina taa."

"Itatengenezwa."

"Mzee, nakuomba. Wacha hiyo gari ikae."

"Kijana yangu hatasindikizwa na magari ya watu peke yake." Alisema hivyo akiangalia sakafu, na mjadala ukaisha.

Kwa hiyo mchana wa siku iliyotangulia mazishi nilimleta fundi wa umeme wa magari kutoka Kangemi. Alikuwa mtu mnene wa maneno mengi, aliyewahi kumfanyia kaka kazi na kumdanganya mara mbili tatu, na bado wakapendana. Wageni wengi walikuwa wamekwenda mjini kushughulikia jeneza. Uani tulibaki sisi: fundi na mimi kwenye gari, baba kwenye kiti barazani, na mama kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, sweta ya kijani mapajani, sindano zimetulia.

"Pole sana, mwalimu," fundi aliniambia. "Huyu jamaa alikuwa mtu wangu. Hata sijui niseme nini. Wacha tucheki hii kitu."

Betri ilikuwa imekufa, akaunganisha na yake. Fyuzi zilikuwa nzima. Akafungua boliti ya ule waya mweusi unaorudisha umeme kwenye bodi, ambao wao huuita earth, akaapa kutu ndiyo mchawi wetu. Boliti ilikuwa inang'aa. Ilikuwa imepigwa msasa majuzi tu, mikwaruzo yake bado mipya, na nilijua ni mkono wa nani. Niligeukia ukuta hadi nikaweza kutazama tena.

"Basi ni relay," fundi alisema. Ndicho kile kidude kinachoufungulia umeme mlango. Akakishika, nikavuta swichi, kikalia tik kama kawaida. "Basi ni mota. Zote mbili zimeungua, nakuambia. Gari za kizamani, mota hufa pamoja kama wazee waliopendana." Akavuta waya mrefu kutoka kwenye betri akaugusisha kwenye mota ya kulia moja kwa moja. Kifuniko kikainuka. Taa ikasimama mbele yangu bila kuwaka, nami niliyekuwa nimeshuka garini nikarudi nyuma hatua.

"Ala!" Fundi alijikuna kichwa. "Mota iko fiti. Moto inafika hadi kwa relay." Mafundi wetu umeme huuita moto. "Hapo katikati ndio inapotea. Inaendanga wapi?"

Baba aliuliza kutoka barazani kama kazi imeshindikana.

"Haijashindikana, mzee. Lakini kama ni haraka, naweza kuziinua na mkono. Kuna kifundo hapa unazungusha tu. Hazitawaka, lakini zitasimama. Ni mchana, nani atajua?"

Baba ndiye aliyekwenda kumtambua kaka kwenye chumba cha maiti. Alikwenda peke yake, akarudi, hakutueleza chochote.

"Sitaki macho wazi yasiyo na mwanga," alisema. "Hayo nimeshayaona."

Fundi akainama tena ndani ya boneti.

"Kuna plagi nyuma ya tangi la maji," nilimwambia. "Lakini hiyo ni sawa. Ilishaangaliwa."

"Nani aliiangalia?"

"Mama. Kwa mkono."

Alijaribu kupitisha mkono wake, ukakwama kiganjani. Akacheka kidogo, akanyoosha shingo. "Mathe! Si utusaidie na huo mkono wako!"

Mama hakuinuka. Alitazama mikono yake kwenye ile sweta kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe.

"Mkono unaniuma," alisema.

Ikabidi fundi afungue bampa. Ilikuwa kazi ya jasho, boliti zimekula kutu, na alizitukana moja moja. Kisha akafungua tangi, akaliweka majanini. Akaingiza mkono wote hadi begani, akavuta waya, akatoa ncha moja. Ilikuwa peke yake, haijashikana na kitu. Akavuta ncha ya pili. Hiyo ilikuwa imevishwa karatasi ya nailoni ya mkate, imekunjwa vizuri, imefungwa kwa uzi wa sufu wa kijani, na uzi umepigwa fundo la kuvuta, lile unalomfungia mtoto kamba za viatu ili baadaye lisikusumbue kulifungua.

"Nilidhani imechomoka," fundi alisema polepole. "Lakini hii haijachomoka, mwalimu. Hii imechomolewa."

Hilo ndilo somo langu. Nimelifundisha hadi chaki imenipaka rangi kwenye nywele. Kikombe kimevunjika: hakuna wa kuulizwa. Kikombe kimevunjwa: tafuta aliyekivunja. Kauli ya kutendeka haina mtu ndani yake, kauli ya kutendwa ina mtu amejificha nyuma ya mlango. Watoto huzichanganya kila muhula, nami huwaka hasira na kalamu nyekundu, nawaambia siku moja herufi hizo mtazihitaji. Fundi yule hakukosea hata herufi.

Nilielewa yote nikiwa nimesimama pale, na sikutaka kuyaelewa. Mama alikuwa amepitisha mkono wake pale ambapo hakuna mkono mwingine uliopita. Alitaka gari libaki la mchana, mtoto wake awe nyumbani kabla ya pombe na mashindano. Alipoulizwa aliingiza mkono tena, akaigusa nailoni yake mwenyewe, akasema iko sawa. Akasimama mbele ya boneti jioni baada ya jioni akisema zimelala. Na aliifunika ili mvua isiingie, kwa sababu alikusudia kuirudisha, siku ambayo mtoto atakuwa ametulia. Aliliogopa gari lililokuwa uani, akayasahau yaliyokuwa barabarani. Kuruka majivu kukanyaga moto.

Nilimchukia. Nalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilivuta lile fundo, likafunguka bila shida, na kwa muda ule nilimchukia mama yangu kuliko gari lile lisilojulikana lililomuua kaka. Kisha nikainua macho nikamwona. Alikuwa ananitazama. Uso wake haukuomba kitu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeketi akingoja kuitwa jina.

"Ilikuwa nini?" baba aliuliza.

Fundi alifungua mdomo. Nilimtangulia.

"Ilichomoka, baba. Ni plagi tu. Ilichomoka."

Fundi alinitazama mimi, akautazama uzi mkononi mwangu, akaitazama sweta iliyokuwa mapajani mwa mama. Kisha akasema, "Eeh, mzee. Hizi barabara zetu. Inatikisika, inatikisika, inachomoka."

"Plagi tu," baba alisema. "Si angeiona?"

"Ilikuwa imejificha, mzee. Hata mimi isingekuwa kufungua bampa singeiona."

Baba alirudia maneno yale mawili, plagi tu, plagi tu, kisha akafunika uso kwa kofia yake na mabega yakaanza kutikisika. Hakuwa amelia hadi hapo. Nilitaka kwenda kwake, lakini ilibidi nipite mlangoni mwa jikoni alipokaa mama, kwa hiyo nikaenda kusimama nyuma ya gari.

Fundi alisukuma plagi pahali pake. Akarudisha tangi, akaifunga bampa, akaingia ndani ya gari. Boneti ilikuwa bado wazi, hakuweza kuona mbele. Akavuta swichi, mota zikalia, akapaza sauti kwa mazoea ya kazi, bila kufikiri:

"Zimeamka?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya gari. Baba alikuwa amejifunika.

"Si mnijibu! Zimeamka?"

"Zimeamka," mama alisema kutoka kwenye kigoda chake.

Kesho yake asubuhi, wakati watu wanagawana viti vya magari, mama alikataa kiti chake karibu na baba kwenye gari la jeneza. Alisema atakaa kwenye gari la mtoto wake. Wanawake wa kanisa walilia kwa huruma. Mimi nilishika usukani nikangoja afunge mkanda.

Tulitoka chumba cha maiti, tukashika Ngong Road, vitambaa vyekundu vinapepea. Pale Adams Arcade wauza matunda walisimama, mmoja akavua kofia. Tukakatiza Lavington, tukapita Muthangari karibu kabisa na lile lango la yule Mhindi alimotokea kaka akiendesha gari hili kwa mara ya kwanza, tairi mpya, anapiga honi hovyo. Ukiwa ndani ya gari lile unaziona taa zikiwa zimeamka, migongo yake miwili mbele ya kioo. Mama hakuziondolea macho. Tulipofika kwetu Uthiru gari la jeneza lilipunguza mwendo, magari yote nyuma yetu yakapunguza. Muuza mahindi alikuwa pale pale, kipepeo cha jiko mkononi. Barabarani hapakuwa na alama yoyote. Nilimsikia mama akipumua, na sikumsaidia.

Baada ya Limuru ukungu ulishuka, ule mzito wa asubuhi za kule. Jeneza likawa linaonekana na kupotea. Sasa taa zilikuwa na kazi kweli, hazikuwa heshima tu. Nilikaza macho. Mama akaongea bila kunigeukia.

"Ulimwambia baba yako ilichomoka."

"Ndiyo, mama."

"Wewe hufundisha Kiswahili."

Uzi wa kijani ulikuwa kwenye mfuko wa koti langu, niliuhisi kila nilipobadilisha gia.

"Sasa tuko wawili. Niambie mimi."

Nilikuwa na neno lenyewe mdomoni. Ni neno moja. Nilikuwa nimelala nalo, nimeamka nalo, na asubuhi ile nikioga nilikuwa nimelisema kwa sauti ili nisikie litakavyomwingia. Nilimwangalia. Alikuwa mdogo kwenye kiti kile cha chini, mkanda umemvuka shingoni, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande.

"Ilichomoka, mama."

Alikirudisha kitambaa cha kichwa mahali pake.

"Mtoto akikuandikia hivyo," alisema, "si ungemkosesha?"

Gari la jeneza lilipotea kwenye ukungu, likatokea tena.

"Ningemkosesha," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole, akakubali. Kisha akanyoosha ule mkono wake mwembamba, akauweka juu ya swichi ya taa na kuushikilia pale, na hakuutoa hadi tulipofika Kinangop.